Wali wa Mpanda na Viboko wa Katuma

Kama uko mezani, endelea kula, maana mazungumzo ya leo yanaanzia kwenye sahani.

Mwishoni mwa Septemba nilishuka kwenye treni mjini Mpanda asubuhi, macho mazito, tumbo tupu. Hatua chache kutoka stesheni, mama ntilie mmoja alikuwa ameshatenga masufuria yake. Akanipakulia wali, maharage, na mgebuka wa Ziwa Tanganyika aliyekaushwa kwa moshi kisha akaungwa kwa nyanya na vitunguu. Mgebuka ni samaki wa kuheshimiwa, lakini siku ile hakupata heshima yake kwa sababu ya ule wali. Punje nyeupe zilizoachana, na harufu inayokufikia kabla sahani haijakufikia. Nikamsifu mpishi. "Mchele wa hapa hapa, baba," akasema. "Wa Mwamkulu." Alilitaja jina hilo kama mzazi anavyomtaja mtoto aliyefaulu mtihani. Nikaomba nyongeza.

Hilo jina, Mwamkulu, tuliweke kando kwanza.

Nilikuwa nimekwenda kuona Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Nilipoaga kazini, mwenzangu mmoja alisema Katavi anaijua, ndiko kwao Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda. Basi. Kwamba huko kuna hifadhi ya taifa tangu 1974, yenye kilometa za mraba 4,471, eneo ambalo kisiwa cha Unguja kingeingia mara mbili na nafasi ikabaki, hilo lilikuwa geni kwake. Simlaumu. Ukisema "nakwenda mbugani", masikio ya Watanzania wengi husikia Serengeti, Ngorongoro, labda Mikumi kwa sababu basi la Mbeya hupita katikati yake. Katavi haiko njiani kuelekea popote, isipokuwa kama unakwenda Sumbawanga.

Reli ya kwenda Mpanda huchepuka pale Kaliua, mkoani Tabora. Treni ya Kigoma hushika njia ya magharibi, hii yetu hukata kusini ikaingia kwenye miombo, na hapo giza na miti ndivyo vinavyokusindikiza hadi asubuhi. Reli hii haikujengwa kwa ajili ya abiria. Karibu na Mpanda palikuwa na mgodi wa madini ya risasi, na wakoloni wa Kiingereza wakayafuata madini hayo na mataruma. Mgodi ulifungwa zamani, abiria wakabaki na reli yao: magodoro, ndoo za mafuta ya mawese, jogoo aliyefungwa miguu anayewika saa saba za usiku kwa sababu hajui yuko wapi.

Mbele yangu alikaa mama mmoja aliyekuwa anarudi kwake Katumba. Yeye alizaliwa pale pale Katumba. Wazazi wake walikuja wakikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na makazi yakafunguliwa kwa ajili yao kwenye pori lile. Sasa yeye ni raia wa Tanzania, ana wajukuu, ana shamba la mihogo. Nilipomwambia nakwenda hifadhini, alinitazama kwa huruma.

"Huko kuna nini, baba? Si ndorobo tu?"

Ndorobo, msikilizaji, ndiye yule mbung'o, nzi aenezaye malale. Na mama yule alikuwa ameligusa jambo kubwa bila kukusudia. Pori la magharibi ya Tanzania unaloliona leo limenyooka bila kijiji, si kwamba halikukaliwa na watu tangu dunia iumbwe. Wakonongo, Wabende, Wapimbwe walikuwa humo, wakilima, wakirina asali, wakiwinda. Malale yalipozidi, serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920 iliwaondoa watu waliotawanyika porini ikawakusanya kwenye vijiji vikubwa ili ugonjwa udhibitiwe. Watu walipotoka, pori likajifunga nyuma yao. Baadaye pori hilo hilo likaonekana linafaa kwa hifadhi, kwa sababu "halina watu". Kwa hiyo ukiambiwa Katavi ni pori asilia lisilowahi kuguswa, piga hodi kwanza. Kuna watu waliowahi kuitika humo.

Kutoka Mpanda hadi Sitalike, kijiji kilicho mlangoni pa hifadhi, ni kilometa kama 35. Ukifika Sitalike kuna daraja juu ya Mto Katuma, na chini yake viboko. Daladala ikikushusha pale unawaona bila kulipa hata senti, na nakushauri hata kama huna fedha za kuendelea mbele, uishie hapo darajani, utakuwa umeona kitu. Kuingia ndani, kiingilio cha raia ni shilingi elfu chache, hakilipwi mkononi bali kwa kontroo namba, kwa hiyo malizana na simu yako kabla hujalifikia pori. Kinachomshinda Mtanzania ni gari. Gari lenye uwezo wa kuingia porini, dereva, mafuta ya siku mbili: hapo ndipo mfuko wangu ulipolia. Wageni wa ng'ambo hutua kwa ndege ndogo kwenye kiwanja cha Ikuu wakapokelewa na kambi zao. Sisi tunachanga. Mkiwa wanne au watano inawezekana. Mimi nilikuwa peke yangu kwa ujinga wangu.

Na ujinga wangu haukuishia hapo. Nilikuwa nimevaa shati la bluu iliyokoza, shati langu la safari, lenye mifuko minne. Dereva, kijana mzaliwa wa Sitalike, alilitazama akatikisa kichwa.

"Shikamoo mzee. Hilo shati."

"Marahaba. Lina nini?"

"Utaona tu."

Hatukumaliza kilometa tano nikaona. Ndorobo hupenda rangi nyeusi na bluu iliyokoza kama nyuki apendavyo ua. Wahifadhi wanalijua hilo, ndiyo maana porini wametundika mitini vitambaa vya rangi hizo hizo vilivyotiwa dawa; nzi anatua, anakufa. Nami nilikuwa kitambaa kingine, tofauti yangu ni kwamba sikutiwa dawa. Ndorobo haumi kama mbu, kwa adabu. Anachoma hadi unaruka, na unaweza kumpiga kofi lililomjaa, akaanguka, akajikung'uta, akarudi. Kijana akasimamisha gari, akachukua kopo kuukuu la maziwa ya unga lililotobolewa matundu, akaweka ndani vipande vya kinyesi kikavu cha tembo, akawasha. Moshi wake si mbaya, unafanana na wa majani makavu. Tukaendelea tukifuka kama jiko la mkaa, na nusu ya ndorobo wakatuacha. Nusu nyingine nadhani walikuwa wazoefu.

Kwenye miombo usitarajie wanyama wa kwenye kalenda. Unaona miti, kisha miti, kisha masikio. Pale ndipo penye palahala, mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama majambia mawili, na penye korongo. Hapa nivumilie kidogo, msikilizaji, kwa sababu lugha yetu imefanya mzaha. Korongo ni mnyama wa jamii ya swala, mkubwa, mwenye uso wa rangi mbili. Korongo pia ni ndege mwenye miguu mirefu. Na korongo ni bonde lililochimbwa na maji. Saa tano asubuhi kijana wangu alinionyesha korongo amesimama ndani ya korongo, na juu ya ukingo korongo anamtazama. Nikaandika sentensi hiyo daftarini, nikaisoma mara mbili, nikaridhika kwamba nauli yangu haikupotea.

Halafu miti ikaisha. Tulitokea kwenye uwanda wa Katisunga, majani ya rangi ya mkate hadi macho yachoke, na kwa mbali mstari mweusi niliodhani ni vichaka. Vichaka vikatembea. Walikuwa nyati, kundi moja, sikuweza kuhesabu, na kijana alipoona nahesabu kwa kidole akacheka. Pundamilia, nyamera, twiga wakivuka polepole kama watu wanaotoka ibadani. Kutwa nzima tulikutana na gari moja. Dereva wake alisimama, akazima injini, wakasalimiana na kijana wangu, wakaulizana habari za nyumbani mmoja baada ya mwingine, kama watu waliokutana kwenye njia ya shambani. Kule Serengeti, simba mmoja akilala chini ya mti huzungukwa na magari kama maduka ya Kariakoo yanavyozungukwa mkesha wa sikukuu. Huku niliona simba jike watano na wao walikuwa na sisi peke yetu. Hawakutujali hata hivyo.

Lakini niliyoyafuata yalikuwa mtoni.

Uliza mtu yeyote aliyewahi kufika Katavi wakati wa kiangazi, atakuambia habari ya viboko. Mvua huisha Mei. Maziwa mawili ya humo, Katavi na Chada, ni maziwa kwa masika tu. Kiangazi huwa malisho. Mito hunywea. Kufika Septemba na Oktoba, maji yaliyokuwa yametanda kilometa na kilometa yamebaki vidimbwi, na kila kiboko aliyekuwa na nafasi yake analazimika kwenda pale walipo wengine. Kiboko hana hiari. Ngozi yake haivumilii jua. Mchana kutwa ikikaa kavu hupasuka. Usiku hutoka akala majani, yafikayo kilo 40 kwa usiku mmoja, lakini jua likichomoza lazima arudi kwenye unyevu, hata kama unyevu wenyewe ni uji.

Na ulikuwa uji. Nilisimama ukingoni na askari wa hifadhi mwenye bunduki begani, na chini yetu, kwenye kidimbwi kimoja, kulikuwa na migongo. Hakukuwa na maji ya kuonekana, migongo tu, mmoja umeegemea mwingine, imepakwa tope la kijivu lililokauka na kutengeneza nyufa. Mamia, alisema afande. Kila aliyetaka kugeuka ilibidi jirani asogee, na jirani hakutaka. Hapo hulipuka ugomvi: vinywa vinafunuka, meno ya urefu wa mkono yanagongana, tope linaruka, kisha kwa sekunde chache kundi zima linalalamika kwa ule mguno wao mzito, kama wazee kumi wanaocheka mzaha mmoja. Baadaye kimya. Madume mengi yalikuwa na makovu mapya, mekundu. Ndama mmoja alikuwa amelala juu ya mgongo wa mama yake kwa sababu chini hapakuwa na pa kulala. Harufu sitakuelezea, nilikuambia endelea kula.

Kando ya mto huo huo, kwenye kuta za udongo, kuna mapango ya mamba. Mto ukikauka mamba huingia humo, mmoja juu ya mwingine, wakatulia wakingoja mvua. Unachungulia shimo unaona pua. Kambale wanajizika kwenye tope, na juu yao korongo, sasa namsema ndege, anachoma choma kwa mdomo bila haraka, maana siku zote zilizobaki ni zake.

Kiswahili kimempa mnyama huyu sifa kubwa. Fimbo ya ngozi yake ilipewa jina lake, na wengi wa rika langu tuliifahamu fimbo kabla ya kumwona mnyama. Ukimsifu mtu aliyewashinda wenzake wote unasema huyu ni kiboko yao. Pale ukingoni niliona kwamba na yeye anaye wake. Jua la Septemba ndilo kiboko ya viboko, nikasema kwa sauti, nikijiona nimesema neno.

Afande hakucheka. "Jua lilikuwepo siku zote, mzee," akasema. "Maji ndiyo hayakuwa hivi."

Akanielekeza kwa kidole, kaskazini magharibi, tulikotoka. Zamani, alisema, Katuma ilikuwa inashuka hata Oktoba. Ilipungua, lakini ilitiririka. Sasa iko miaka inakatika kabisa. Na si maneno ya afande peke yake. Watafiti wa maji wameandika hivyo kwa miaka mingi. Mto huu huanzia kwenye vilima vilivyo nje ya hifadhi, ukapita kwenye mabonde ya mpunga kabla ya kufika Sitalike, kisha ukaingia Ziwa Katavi, ukaingia Chada, ukatoka ukiitwa Kavuu, ukaenda kumwaga Ziwa Rukwa, ambalo nalo halina pa kutokea. Ni kamba moja, na ukiikaza juu, chini hulegea. Mabonde hayo ya mpunga yana mabanio: mengine ya saruji, yaliyojengwa kwa mipango ya serikali, mengine ya viroba vya mchanga, yaliyojengwa na mtu na wanawe usiku. Maji yanageuzwa kuingia majarubani.

"Majaruba ya wapi?" nikamuuliza, nikiwa nimeshajua.

"Kakese huko. Mwamkulu."

Naam, msikilizaji. Nilikuwa bado nimeshiba.

Wapo watakaosema hapa wakulima wabaya, wanyama wema, na kipindi kiishe. Mimi siwezi. Mkulima wa Mwamkulu hakuamka asubuhi akapanga kumnyima kiboko maji. Mwaka 2009 nchi hii ilitangaza Kilimo Kwanza, na kabla na baada ya hapo imekuwa ikimhimiza mwananchi alime kwa kumwagilia, asingoje mvua. Amelima. Watu wametoka Shinyanga, Simiyu na Mwanza na ng'ombe wao na majembe yao wakaja kwenye ardhi hii yenye rutuba, mji wa Mpanda umekua, mkoa mpya ulizaliwa 2012, na watu wote hao wanakula. Serikali hiyo hiyo kwa mkono mwingine inalinda hifadhi chini kidogo ya mto. Bodi ya maji ya Bonde la Ziwa Rukwa ipo, na vibali vya kutumia maji vipo katika sheria. Lakini banio la viroba halijui kibali, na Oktoba haingoji kikao. Nikiulizwa nani mwenye kosa, nitauliza kwanza mchele unaliwa wapi. Magunia yake hayabaki Mpanda.

Kuna jambo moja linanisumbua zaidi. Mto Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka mwanzoni mwa miaka ya 1990, sababu ikiwa mpunga pia, kule Usangu, nchi nzima hatimaye ililisikia, kwa kuwa chini ya mto kulikuwa na mabwawa ya umeme. Taa zilizimika Dar es Salaam. Katuma haizalishi umeme. Chini yake kuna viboko, kambale, na wavuvi wa Rukwa, na viboko hawana mbunge. Hifadhi isiyotembelewa ni kama mgonjwa asiyetembelewa: akizidiwa, habari huchelewa kufika.

Siku ya pili, kabla ya kutoka, kijana alinipeleka karibu na Ziwa Katavi kwenye mkwaju mkubwa. Wenyeji husema ndani ya mti huo hukaa roho ya Katabi, mwindaji mashuhuri wa zamani, ambaye hifadhi na mkoa wote vimechukua jina lake. Watu huja kuweka sadaka chini yake wakiomba baraka. Nilidhani ni hadithi ya kuwapa wageni, lakini shinani kulikuwa na sarafu, nyingine mpya. Niliona pia kwamba kijana, ambaye kutwa alikuwa hafungi mdomo, hapo aliongea kwa kunong'ona. Alivua kofia. Nilimuuliza watu huomba nini hasa. "Inategemea na mtu," akasema. "Bibi yangu alikuwa anaomba mvua." Kisha akacheka kidogo. "Wajomba zangu wanalima Mwamkulu. Nao wanaomba hiyo hiyo."

Niliweka shilingi mia mbili. Sikujua niombe upande gani, nikaiweka tu.

Ukitaka kwenda, nenda kati ya Julai na Oktoba, uvae kaki au kijani kilichofifia, ubebe maji yako. Masika barabara za ndani hujaa tope na utakwama. Kuna mabanda ya kulala ya hifadhi pale Sitalike, ya kawaida, safi, na usiku viboko wa darajani hutoka mtoni kwenda kula. Unawasikia nje wakikata majani, krap, krap, kama mtu anayechana karatasi. Usitoke kwenda chooni bila tochi. Na ukipata nafasi nunua asali ya Inyonga. Hiyo haigombaniwi na mtu isipokuwa nyuki.

Nilirudi Mpanda jioni. Nilikuwa na saa tatu kabla ya treni, nikapita sokoni. Sikukusudia. Lakini nyumbani waliniagiza zawadi, na ukitoka Mpanda mikono mitupu utaeleza nini? Muuzaji alichota mchele kwa kibakuli, akaniwekea kiganjani ninuse. Nilinusa.

Nilinunua kilo 20. Usiku kucha gunia lilikuwa chini ya kiti changu, nimelikanyaga ili lisiteleze, na treni ilipovuka Mto Ugalla nililala. Nusu yake tumeshaila.